Tovuti Iliyofuta Mapacha Siku ya Kipaimara

Leo nimeaibika. Tena mbele ya Baba Askofu, kipaza sauti kikiwa wazi!

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kasulu, na orodha ya watoto wa kipaimara ni kazi yangu. Mwaka jana mtoto mmoja aliitwa mara mbili, watu wakacheka hadi sala ya kufunga. Nikaweka nadhiri: safari hii hakuna jina litakalojirudia.

Majina yaliletwa kutoka mitaa mitatu, mengine yameandikwa na watu wawili. Jirani yangu Mwalimu Husna, anayefundisha kompyuta, akanionyesha tovuti ya bure wanayotumia waandishi wa programu. Hakuna kujisajili, hakuna kupakua. Unabandika orodha, unabonyeza, mistari iliyojirudia inafutika.

"Ila andika majina kamili, mzee," akasema.

"Mwalimu, hapa tunajuana," nikamjibu. (Somo la unyenyekevu huwa nalifundisha mimi.)

Nikaandika jina moja moja, la nyumbani. Nikabonyeza. Majina arobaini na moja yakawa thelathini na matatu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti!

Asubuhi hii Askofu akaanza kuita. Mtoto mmoja, jina moja. Safi kabisa.

"Bukuru!"

Wakasimama wanne.

Askofu akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Butoyi!"

Wanne tena.

Kwa mlio mbali: huku kwetu pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Nyumba hii, nyumba ile, ni hivyo hivyo. Tovuti iliona marudio, ikabakiza Bukuru mmoja na Butoyi mmoja. (Imetii vizuri, maskini.)

"Kwenye orodha yupo mmoja mmoja," Askofu akasema. "Ni nani hasa?"

"Mimi!" wakajibu wote wanane.

Mama mmoja aliyetoka Muyama na ndoo ya maharage ya shukrani akasimama. "Mzee, wanangu wamesoma miezi sita. Leo unanifutia wote wawili?"

Butoyi wake akaanza kulia. Hapo sikutafuta pa kujificha tena. Nikaenda mbele.

"Baba Askofu, kosa ni langu. Hawa wote nimewafundisha mwenyewe. Hakuna atakayerudi nyumbani bila kuwekewa mikono."

"Basi mapacha wote waje."

Wakapita wanane. Niliwahesabu mara mbili, kwa vidole.

Askofu akaniinamia, kipaza sauti kikasikia kila kitu. "Lakini mzee, miaka yote hii hukujua kwamba mapacha wa huku wana majina hayo?"

Sijafungua mdomo, kaka yangu akapaza sauti kutoka benchi la kwaya: "Baba, huyo ndiye Butoyi! Bukuru wake ni mimi!"

Kanisa zima kicheko. Hata mama wa Muyama!

Ndugu zangu, msinicheke. Namshukuru Mungu tu kwamba siku ya ubatizo wetu majina yaliandikwa kwa kalamu.