Matawi Barabara ya Nansha

Jumatatu, 6 Novemba 2006

Nimezunguka na malori miaka thelathini na sijagonga hata kuku. Hakuna dereva Mtanzania hapa Guangzhou anayeweza kusema hivyo.

Sawa. Usukani sikuushika. Nilikuwa utingo, aliyeendesha ni marehemu Bartholomeo. Ila kuku sikugonga, hilo nalishikilia.

Leo nimenunua sidii ya filamu kule sokoni Zhongda, kwa mama anayetandaza turubai chini. Ya Kimarekani, ya zamani, haina rangi. Madereva wa malori wanashusha magogo mlimani. Tumeitazama kwa Leokadia, binti wa Bartholomeo, aliyenileta China nimsaidie kubeba mizigo. Kiingereza changu kiliishia darasa la nne, lakini lori ni lori. Kuna dereva mnene anacheka kama Bartholomeo, meno yote nje. Lori linamzimikia kwenye kona, mvua inanyesha, mwenzake anakuja nyuma, anamgonga. Basi. Kafa.

Nikasema Wamarekani hawa washamba, hawakuweka hata tawi moja. Kwetu lori likiharibika utingo anakata matawi, anayapanga barabarani huko nyuma, anayekuja anajua mbele kuna jambo. Bartholomeo alinifunza hayo mlimani Kitonga. Mwenyewe alifia kitandani, mwaka jana. Dereva pekee ninayemjua aliyepata bahati hiyo.

Leokadia aliinuka akazima.

Kasmir, mzee wa Singida ninayelala naye chumba kimoja, ameomba nimwazime sidii. Yeye, kabla ya biashara, alikuwa dereva kweli na hachoki kutukumbusha. Nimemwazima. Kwa kinyongo.

Jumanne, 7 Novemba

Habari nzito. Marobota ya Leokadia, magauni ya watoto ya Krismasi, lazima yafike bandarini Nansha kesho kabla ya saa kumi alasiri. Ndipo kontena tunalochangia linapigwa sili. Yakiikosa meli hii yatafika Moshi sikukuu imepita, na nani atamnunulia mtoto gauni la malaika mwezi wa kwanza? Duka lake lote limo ndani ya marobota hayo.

Desturi yetu, mwenye mzigo anapanda na lori mwenyewe, aone sili ikipigwa kwa macho yake. La sivyo robota linageuka njiani. Leokadia ana homa, hasimami. Akasema atamwomba mzee Kasmir. Nikamwambia Kasmir anaharisha. Kasmir haharishi. Wakati huo alikuwa chini anamalizia sahani ya pili ya wali.

Leokadia akasema haya, baba mdogo, nenda wewe. Lakini usifanye lolote. Kaa tu.

Jumatano, 8 Novemba

Nilikaa tu. Mpaka tulipokaribia Nansha.

Dereva Mchina, ninayemwita laoban kwa kuwa hapa kila mtu ni bosi, alisimama pembeni akaze kamba. Jambo dogo. Lakini tulikuwa kwenye kona, na manyunyu yameanza. Nikamwona yule mnene wa filamu. Nikashuka.

Miti ya huko imepandwa kwa mstari, ina maua, imeegemezwa kwa vijiti isianguke. Nilivunja kwa mkono, tawi baada ya tawi, nikapanga kama nilivyofunzwa. Kazi safi. Magari yakapunguza mwendo. Laoban alikuwa ameshamaliza kamba zake, anapiga honi. Nikamwonyesha asubiri, bado la mwisho.

Akatokea mama wa bustani ya jiji, na ufagio. Kumbe miti ni ya serikali. Alisimama mbele ya lori akasema bu xing. Neno hilo nalijua, ndilo ninalojibiwa kila nikiomba wapunguze bei. Nilimweleza kwa mikono: lori, kona, kifo. Akaita wakubwa zake. Wakapiga picha mti mmoja mmoja. Laoban alikaa kwenye ngazi ya lori akaficha uso.

Tulipofika Nansha kontena lilikuwa limefungwa, limeondoka.

Leokadia sikumpigia simu. Nilimpigia Kasmir.

Alhamisi, 9 Novemba

Kasmir alikuja kwa teksi. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Alikuwa na kontena lake yadi ya jirani, limejaa viti vya plastiki, la meli ile ile, inayoondoka Jumamosi. Akaanza kutoa viti, na mgongo wake ule mbovu, ili marobota yapate nafasi. Viti vitasubiri meli nyingine. Tulibeba wote. Sili ilipopigwa akaniambia nimwulizie Kasmir hali yake, amesikia anaharisha.

Anapenda sana kujionyesha.

Jumapili, 12 Novemba

Magauni yameondoka jana. Leokadia amepata nafuu. Nilijieleza kwa urefu, na kona yenyewe nikaichora mezani kwa chai. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema baba yake naye angeshuka kukata matawi. Kisha akageukia dirishani. Sikuona uso wake.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Nimelipima jambo hili usiku na mchana na kosa nimeliona: kuvunja kwa mkono kunachelewesha. Mtu mwenye kifaa angemaliza kabla mwenye ufagio hajafika. Na Jumatano kuna lori jingine.

Kasmir, najua unalisoma daftari hili nikienda kuoga. Sidii yangu unayo tangu Jumatatu, sijakuuliza. Basi nawe niazime kile kisu chako cha kumenyea miwa. Mpaka Jumatano jioni tu.