Mayai Yaliyobaki Kwenye Kioo

Jamani wa darasa la usiku, leo nimeaibika mpaka masikio yameiva.

Mnajua hapa hotelini Galu mimi ni mbeba mizigo wa stoo. (Cheti cha kompyuta ninacho. Kiko ukutani, kimetiwa fremu.) Basi nimeunda programu: mpishi akitaka kitu, kompyuta ya jikoni inaiuliza ya stoo, jibu linatokea kwenye kioo. Leo meneja alikuja kuijaribu. Ikifaulu, naaga magunia, naingia ofisini!

Tatizo, waya unaoziunganisha ni wa kukokota. Ukingoja jibu moja, wali unaiva. Kwa werevu wangu, nikaiamuru ya jikoni iulize mara moja tu alfajiri, iweke majibu, iyatoe hayo hayo kutwa nzima. Ukibonyeza tu, tayari! (Nilijipigia makofi.)

Saa tano, Mutua mpishi akasema wageni waliokwenda Wasini wanarudi saa tisa, na wameagiza keki tatu.

"Mayai yapo?" meneja akauliza.

Nikabonyeza. "Trei kumi na nane!" nikatangaza, kama kadhi aliyeuona mwezi.

Mama Mwanasiti, mtunza stoo, akaitwa ayatoe. Akaja, leso begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mayai hakuna."

"Mama, kompyuta haisahau."

"Sikusema imesahau. Nimesema mayai hakuna."

Mutua akanidakia: "Sasa mdosi, nivunje hiyo skrini kwa bakuli kama yai ama?"

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza! Nikamwambia meneja, kwa sauti ya redio, kwamba hesabu za daftari la Mama zimepitwa na wakati, twendeni stoo tukaone. Tukaenda. Wafagiaji wawili wakatufuata bila kualikwa.

Mama akafungua mlango. Rafu ya mayai ilikuwa nyeupe, tupu! Hata ganda halimo.

"Nani kayachukua?" meneja akauliza.

Mama akafunua daftari, akaweka kidole. Saa moja asubuhi, trei kumi na nane, zimeazimwa na hoteli jirani ya Diani. Aliyepakia: mimi. Sahihi yangu ile yenye mikia mitatu, na chini yake, kwa mkono wangu mwenyewe: "Mtaalamu wa Kompyuta."

(Asubuhi nilipakia mizigo elfu moja. Nikumbuke mayai?)

"Nami niliyatoa kwenye kompyuta ya stoo papo hapo," Mama akasema. "Hiyo ya jikoni, mwanangu, ilinisabahi alfajiri, ikaondoka na habari zangu, mpaka saa hizi inazitangaza. Mwenye adabu hupiga hodi kila aingiapo."

Walicheka mpaka makuti yakatikisika. Meneja alishika ukuta.

Nikapanda pikapu mbio hadi Diani, nikarudi na trei sita mapajani. Keki zikapikwa. Nikajua nimerudi kwenye magunia. Lakini Mama akavuta kiti, akaketi nami, tukairekebisha programu. Sasa kitu kikitoka stoo, jibu la zamani linafutwa, kompyuta ya jikoni inauliza upya; na kando ya kila hesabu inaonyesha saa ilipochukuliwa. Magunia ya mchele yalikuwa kumi. Mama akatoa moja kwa makusudi. Nikabonyeza. Tukangoja. (Wali ukaiva.) Tisa!

"Eeh, sasa imefunzwa," akasema, akaenda mwenyewe kumwambia meneja. Majaribio tena kesho saa mbili.

Niombeeni dua. Na mkitaka kunicheka, nichekeni leo leo: kufikia kesho, habari hii itakuwa imepitwa na wakati.