Chafya Yangu Katika Wimbo wa Kabichi

Hollywood, 14 Machi 1930

Kwako Bwana Mkuu wa Studio,

Salamu nyingi, nikitumaini u mzima na mafua hayakusumbui. Mimi ni Ezra Pruitt, seremala wako wa miaka sita, niliyejenga ule mwezi wa mbao katika filamu yenu yenye wimbo wa kabichi aliyependwa na mbuzi. Nalalamika kwa heshima zote, ila nimechoka jamani!

1. Wimbo, bendi na picha vilikuwa vikinaswa kwa pamoja: milango imefungwa, feni zimezimwa, kila mtu kabana pumzi. Mbuzi alipoposa tu, ikatoka chafya nyuma ya mwezi. Mwongozaji akaniwakia, "We bwege, umeniulia wimbo! Chukua nyundo yako, potea!" Nikafukuzwa mbele ya wasichana ishirini waliovaa kabichi.

2. Kurudia mkashindwa, kwani mbuzi alishakula magauni matano ya kabichi. Chafya mkaiacha ilivyo. Leo watu wanajaa sinema kuingoja, na mbuzi hawana habari naye.

3. Kinyozi wangu, Lindqvist, huiiga wembe ukiwa kooni mwangu. Juzi kanisani kwaya nzima iliipiga badala ya amina.

4. Sasa, bila haya, mmebandika tangazo getini: anatafutwa mpiga chafya wa kuzunguka na wimbo huo majukwaani. Anatafutwa! Kwani mimi nimekufa? Chafya ile ni ya ukoo. Baba aliipiga kule Nebraska, ng'ombe wakavunja zizi.

Hivyo naomba nirudishiwe useremala wangu kabla ya Jumatatu. La sivyo, chafya yangu itolewe katika kila nakala, na raia yeyote wa Marekani atakayepiga chafya kwa mtindo huo aombe kwanza ruhusa yangu kwa maandishi. Hata Rais simsamehe.

Wasalimie wote ofisini, na mbuzi pia. Mwongozaji msalimie kwa mbali.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye pua,
Ezra Pruitt

Tanbihi: Mke wangu Maybelle ameisoma barua hii, akaninyima stempu mpaka niseme ukweli. Siku ile aliniletea chakula, nikamficha nyuma ya mwezi maana wageni ni marufuku. Chafya ni yake. Mimi nilijitwika lawama tu. Hivi sasa anavaa kofia, anakuja huko kwenye usaili. Sharti lake ni moja: mumewe arudishwe kazini. Nakusihi umkubalie upesi, Bwana Mkuu. Nimeishi naye miaka kumi na minane, sijawahi kumshinda kwa lolote.