Nani Anachezea Nati Yangu?

Jumanne, 9 Julai. Marree.

Kelele imeanza. Ko-ko-ko, nyuma ya gari. Barabara yenyewe imejikunja kama bati la paa. Coral kaniuliza ni nini. Nimemwambia sufuria. Kasema sufuria zake zote amezifunga kwa taulo, na sauti inatoka pale gari linapoungana na karavani, ile nyumba yetu ya magurudumu tunayoivuta. Mke wangu kawa fundi lini?

Jioni, kama kawaida ya kambi, kila mtu kabeba kiti chake na bia yake, tukakaa duara. Kuna Des, dereva wa tramu mstaafu, kafiwa na mke, anasafiri peke yake, njia hii hii yetu. Akasema kanisikia nikija tangu mbali. Watu wakacheka. Akasema lile tufe la chuma linalovuta karavani yangu limelika, na nati yake huenda imelegea. Analo la akiba, nichukue bure. Bure! Mtu anayegawa chuma bure ana lake jambo. Nimekataa.

Jumatano, 10 Julai. William Creek.

Nilipata dawa. Nilikata kopo la bia, nikalipachika kati ya tufe na kikombe cha karavani kinachokaa juu yake. Kimya! Kimya kitamu mpaka saa sita mchana. Halafu ko-ko-ko, na mkwaruzo juu yake. Kopo limesagika. Bia za siku hizi hazina bati la maana.

Coral kasema kesho kelele ikiendelea, anahamia gari la Des. Hakutabasamu. Tangu tuoane anakaa kushoto kwangu, anasoma ramani na kunimenyea machungwa.

Alhamisi, 11 Julai. Oodnadatta.

Nimewaza sana. Nati hailegei yenyewe. Kuna mkono wa mtu. Asubuhi nimeikaza kwa spana yangu ndogo, kisha kwa rangi ya kucha ya Coral nikachora mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mtego!

Tumefika, mstari umeachana. Nati imezunguka! Na nani alikuwa nyuma yangu njia nzima? Des. Coral kasema hakuna binadamu anayefungua nati ya gari linalotembea. Tayari anamtetea. Kisha kachukua mto wake na machungwa, kapeleka kwenye gari la Des. Yote.

Ijumaa, 12 Julai. Marla.

Aibu. Katikati ya nyika nati ilianguka kabisa. Karavani ikapiga pua chini, ikaburutwa kwa cheni za usalama, vumbi mpaka masikioni. Nyuma yangu, bila haraka, wakasimama Des na Coral.

Des alilala mavumbini, akatoa tufe langu. Limekuwa kama yai. Akafunga lake la akiba, na chini ya nati akaweka pete ya chuma, akaeleza kwamba mkato wake ndio unaoing'ata nati isizunguke. Sikusikiliza vizuri. Nilikuwa namtazama Coral, anashika spana ya Des huku anacheka. Spana ndefu! Des akaisimamia kwa miguu yote miwili kuikaza nati.

"Mzee wangu, barabara hii inafungua kila kitu," kasema. "Wewe kagua tu kila asubuhi."

Kajuaje kwamba huwa sikagui?

Tumefika Marla bila hata ko moja. Coral akaja dirishani kwangu.

"Kesho narudi kwenye kiti changu, Merv. Lakini ukiigusa hiyo nati, Alice Springs nashuka, napanda ndege kwenda nyumbani. Sitanii."

Anarudi! Nimefurahi hadi nimeosha vyombo.

Jumamosi, 13 Julai. Marla, asubuhi.

Kimya hiki sikiamini. Des kaambiwa nini na nani? Kaweka nini mle ndani? Coral alipokwenda kuoga, nikaigonga spana yangu ndogo kwa jiwe mpaka nati ikafunguka, nione tu.

Nilijua! Ile pete imepasuka! Imekatika wazi upande mmoja, na ncha zimepishana. Kanifungia chuma kibovu, na mke wangu anatazama. Nimeitupa mbali vichakani, nikarudisha nati na kuikaza kwa spana yangu ndogo. Ile ndefu ni ya Des, na mimi simwombi yule kitu chochote.

Coral keshapanda. Ramani iko mapajani, anamenya chungwa. Ananiita, anasema leo tutasafiri kwa raha.

Sasa ndiyo tutasafiri.