Skripti Inayotafuta Maksai wa Minza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametutumia salamu kwamba angefika kama angekumbuka. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye gari lake limesimama Lamadi kununua samaki. Waheshimiwa wa meza kuu, na waheshimiwa mliokosa meza kuu mkapewa viti vinavyofanana na vya meza kuu. Viongozi wa dini, pamoja na wazee wa mila tuliowaketisha nyuma kidogo kwa sababu za kiitifaki. Wadau wa maendeleo, wafugaji, wakulima wa pamba, na ninyi wengine mliokuja kwa sababu ya chakula, nawasalimu kwa Kisukuma chetu: mwadila! (Wananchi: "Mwadila." Sauti moja inauliza kama kuna soda.)

Nikisema skripti, mnaitikia inatafuta. Skripti! (Wananchi: "Inatafuta!") Vizuri.

Mimi, Salvatory Nyanda, Mwenyekiti wa Kamati ya Mpito ya Utafutaji wa Mifugo kwa Njia ya Tovuti hapa Bariadi, nasimama katika uwanja huu wa mnada kwa unyenyekevu ambao, kwa kweli, wengi wameusifu. (Makofi meza kuu.) Hii ni enzi ya soko huria na utandawazi. Pamba inanunuliwa na yeyote, simu inauzwa na yeyote, na mimi nikasema haiwezekani ng'ombe wa Msukuma abaki nyuma, eti bado anatafutwa kwa macho.

Mtakumbuka kwamba mvua za kwanza zilipokaribia, mama yetu Minza, mjane wa hapa hapa, alipotelewa na maksai wake wawili wa kulimia. Vijana wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, kwa ushamba wao, wakataka kufuata kwato zilizoelekea Shishiyu. Nikawapiga marufuku. Niliwaeleza kwamba kwato ni data ghafi, na data ghafi haifuatwi kabla ya kuchakatwa. (Kicheko meza kuu. Vijana wa sungusungu wanatazama chini.) Mvua ikanyesha, kwato zikafutika, tukabaki na njia moja tu, ile ya kisasa, jambo ambalo kamati yangu imelihesabu kuwa mafanikio.

Sasa wapo wanaonung'unika mbona tovuti inachelewa. Nitawaelimisha. Ndani ya tovuti kuna skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata, na ndani ya skripti kuna pateni, yaani namna ya kuieleza kompyuta ni maneno gani itafute. Mtaalamu wetu kutoka Mwanza, kijana Thomasi, alitaka kuandika pateni fupi tu: maksai mwekundu, baka jeupe usoni, pembe ya kushoto imevunjika. Nikaona ni uvivu. Nikamwagiza aweke alama ya nyota, ambayo maana yake ni chochote, mara zozote, na ndani ya nyota hiyo aweke nyota nyingine, kwa sababu ofisi yangu haihudumii wananchi kwa nyota moja. (Makofi.)

Thomasi akabisha. Alidai pateni ya namna hiyo ni kama mchungaji anayehesabu ng'ombe langoni, akikuta mmoja hayupo anaanza upya kuwahesabu wawili wawili, halafu watatu watatu, halafu kwa kila mchanganyiko anaoweza kuuwaza, na ukimwongezea ng'ombe wachache tu anazeekea pale pale langoni. Akanishauri, "Mheshimiwa, ondoa nyota moja, halafu iambie ianzie wapi na iishie wapi." Nikamrudisha Mwanza kwa utovu wa nidhamu. Badala yake kamati imehudhuria semina za troboshutingi, yaani kusaka hitilafu, katika hoteli za ufukweni, na semina hizo zimethibitisha kwamba kasi ya kuchelewa imeimarika kwa asilimia themanini na mbili! (Meza kuu inasimama kupiga makofi.)

(Mama Minza anasimama, sahani mkononi. Anasema msimu umepita, amelima kwa jembe la mkono na wanawe, kina Justina, wamefikia nusu ya shamba, na mahindi waliyopata hayatawafikisha popote. "Baba," anasema, "mimi sikuomba tovuti. Niruhusu niwatafute mwenyewe.")

Mama, kaa, ule. Kujitafutia ni kuingilia mchakato.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mwenye studio ya picha aliyetuazima kompyuta hii mnayoiona mezani. Ni kasha tupu, matumbo yake yako kwa fundi, ila mtakubali inapendeza. Nawashukuru watu wa umeme, ambao nguzo yao ya kwanza tunaitarajia. Namshukuru Eufrasia, mfagizi wa ofisi, ambaye Ijumaa alifuta ubao kwa nia njema, maana skripti yetu ilikuwa pale ubaoni kwa chaki tangu Thomasi aondoke, ikisubiri tovuti ya kuiweka, na tovuti hiyo, Mungu akijalia, tutaanza kuifikiria mwakani.

Na shukrani za pekee ziiendee kamati ya chakula kwa wali na nyama hii. Maksai wawili waliingia wenyewe shambani kwangu kule Shishiyu wakati wa kulima, wakanisaidia msimu mzima huku nikingoja tovuti inionyeshe mwenyewe ni nani. Tovuti haikusema lolote, na mimi si mtu wa kuitangulia sistimu, kwa hiyo tukawaandika hawana mwenyewe, na jana wakachinjwa kwa ajili yenu. Yule mwekundu alikuwa na pembe moja imevunjika, lakini nyama yake, nani atabisha, laini kabisa.

Wabeja sana, asanteni. Skripti!

(Watu wanageuka kumtazama Mama Minza.)

Nasema, skripti!

(Mama Minza anaitazama sahani yake. Imebaki mifupa. Anaiweka chini, anaifunika kwa khanga. Nyuma kabisa, vijana wa sungusungu wanaanza kusimama.)