Kibali cha Kumtoa Hemlata Getini

Ilitangazwa kwa waraka, wenye kumbukumbu namba na tarehe, kwamba harusi ya Hemlata, binti pekee wa Bwana Devkinandan Purohit wa Bikaner, isingeendeshwa kienyeji kama harusi za watu wengine. Ingeendeshwa kwa bajeti. Waraka ulibandikwa kwenye mlango wa jiko, na mama mtu akatakiwa kutia saini kuthibitisha kwamba ameusoma.

Bwana Purohit alikuwa na miezi minane tangu astaafu ofisi ya uhasibu ya idara ya umwagiliaji. Miaka thelathini na minne, na hata rupia moja haikuwahi kupotea mikononi mwake. Ni kweli kwamba katika muda huo hakuna mfereji hata mmoja uliokamilika, lakini hilo lilikuwa suala la wahandisi. Nyumbani alijiteua kuwa Afisa Masuuli. Mkewe, Kaushalya, alipewa ukatibu wa kamati, cheo kisicho na posho.

Kazi ikaanza. Pandit, kuhani wa kufungisha ndoa, aliombwa alete makadirio ya ile mizunguko saba ya kuuzunguka moto, kila mzunguko na bei yake, akaulizwa kwa barua kama mitano isingetosha. Ladu, vile vitamu vya mviringo, zilipangwa moja na nusu kwa kila mgeni. Farasi wa bwana harusi alinyimwa majani kwa kuwa ni mtumishi wa upande wa pili. Ratanlal, kaka wa Kaushalya, ambaye kwa mila ndiye mjomba wa kumletea dada yake nguo na vito kabla ya ndoa, aliandikishwa kama mfadhili wa nje na kutakiwa kuwasilisha andiko la mradi.

"Shemeji," alisema Ratanlal, kilemba kimemwendea upande kwa hasira, "nimeleta sari kumi na moja. Mradi gani tena?"

"Malengo mahususi hujayaandika," Bwana Purohit alimjibu kwa upole. "Kaa hapo ujaze."

Ukurasa wa tisa wa bajeti ndio uliowakosanisha mume na mke. Kaushalya alikuwa ameandika kwa mkono wake: Kwenda kumchukua Hemlata kwa Saawan ya kwanza, rupia elfu kumi na tano.

"Hii ni nini?"

"Baba Hemlata, usijifanye hujui. Mvua za mwezi wa Saawan zikianza, bi harusi mpya anarudi kwao. Anapaka hina, anapanda bembea, anakula vitamu vya kwao. Kaka wa kumfuata hana, kwa hiyo utakwenda wewe. Na kwa wakwe huendi mikono mitupu."

"Hiyo si gharama ya harusi. Harusi inaishia getini. Baada ya hapo mali ni ya wizara nyingine."

"Mali?"

"Lugha ya kitaalamu hiyo."

Akapiga mstari kwa wino mwekundu, akatia saini, akagonga mhuri. Kaushalya aliuchomoa ule ukurasa, akaukunja, akaufunga kwenye pindo la sari pamoja na funguo zake. Siku mbili hakumpikia mumewe chai, na Bwana Purohit akaandika kwenye kumbukumbu kwamba matumizi ya sukari yameshuka.

Wiki moja kabla ya harusi sinia mbili za shaba zilitoweka. Zilikuwa kwa jirani, aliyeziazima kama anavyoziazima kila mwaka, lakini Afisa Masuuli alishatoa Waraka Namba Saba: hakuna kitu chochote, kikubwa au kidogo, chenye uhai au kisicho na uhai, kitakachotoka getini bila hati ya kutolea mali yenye saini yake. Getini aliwekwa Mangilal, aliyekuwa tarishi wake ofisini kwa miaka ishirini na miwili, mtu aliyewahi kumzuia mkurugenzi mpya mlangoni kutwa nzima kwa kukosa kitambulisho. Bwana Purohit alimpenda kwa hilo.

Harusi ikapita salama. Moto ulizungukwa mara saba, mara mbili za mwisho Afisa Masuuli akiwa ameweka pingamizi. Asubuhi, wakati wa kuagana, wanawake walilia, Hemlata akarusha mchele nyuma ya kichwa chake, akaingizwa garini na mumewe. Pandit alikwisha kuonya kwamba saa mbili isiwakute ndani, ni nuksi. Zilibaki dakika kumi na mbili. Gari lilifika getini, likasimama.

"Hati," alisema Mangilal.

"Hati ya nini wewe?" alifoka Bwana Vyas, baba wa bwana harusi, kutoka kiti cha mbele.

"Ya bi harusi. Waraka Namba Saba. Ana uhai."

Bwana Purohit alikuja mbio. "Mangilal, fungua geti!"

"Bwana mkubwa, ulisema hata wewe ukiniomba nisifungue. Niliandika." Akamwonyesha.

Kusema kweli, Bwana Purohit aliona fahari kidogo. Alichukua fomu, akaiweka juu ya boneti katikati ya maua, akaanza kujaza. Maelezo ya kitu: binti. Idadi: mmoja. Hali: nzuri. Mpokeaji: ukoo wa Vyas, Jodhpur. Halafu safu ya mwisho, ambayo alikuwa ameijaza kwa mamia ya pampu na mashine za kuchapa bila kufikiri: KINARUDI / HAKIRUDI. Futa kisichohusika.

Kalamu ikagoma. Kupitia kioo alimwona Hemlata, wanja umemchuruzika mashavuni. Huyu ndiye aliyekuwa akimtafutia miwani kila asubuhi tangu akiwa na miaka sita. Uchungu ulimjia, uchungu mkubwa, na haukuwemo kwenye makadirio.

"Dakika tano," alisema pandit.

Akafuta HAKIRUDI. Aliifuta mara tatu, mpaka karatasi ikatoboka.

Mangilal akaisoma taratibu. "Kinachorudi lazima kiwe na fungu la gharama za kukirudisha, bwana mkubwa. Namba ya kasma?"

Bwana Purohit akamgeukia mkewe. Kaushalya alikuwa ameshalifungua pindo la sari.

"Fungu hili hapa," alisema. "Limefutwa. Saini yako, mhuri wako."

"Lirudishe, Mama Hemlata."

"Kwa mamlaka gani? Lete maombi ya nyongeza. Nakala tatu, na sababu."

Aliandika nakala tatu pale pale juu ya boneti, wakwe wakimtazama, machozi yakilowesha nakala ya pili. Kwenye sababu, mtu aliyewahi kujaza kurasa arobaini kueleza kuchelewa kwa makoleo, aliandika maneno mawili: Ni mwanangu.

Kaushalya alizisoma zote tatu, kila moja mpaka mwisho. Alitia mkono mfukoni mwa koti la mumewe, akatoa mhuri, akagonga: IMEPOKELEWA.

"Fungua, kwa kibali cha muda," alimwambia Mangilal.

Gari likatoka. Hemlata alikuwa ameegemea dirisha, analia na kucheka kwa pamoja. Bwana Purohit alipunga mkono mpaka vumbi likatulia, kisha akafuta macho.

"Na majibu, Mama Hemlata? Yatatoka lini?"

"Faili liko mezani," alisema Kaushalya, akielekea ndani. "Njoo kesho."

Afisa Masuuli akatafuta pa kukaa. Aliliona benchi la Mangilal, pale wanapokaa waombaji, akakaa, akaiweka nakala yake magotini, akasubiri.