Zamu ya Kumwogesha Rintaro

Jumatatu, 9 Februari
Theluji imefika dirishani. Binti yangu Mizuho ana kazi za jioni wiki hii, kwa hiyo mama mkwe wake, Bibi Fumie, amekuja kutusaidia kumlea mtoto. Kutusaidia, ati. Rintaro ana mwaka mmoja na nusu, na kila jioni anaogeshwa na Fumie. Mimi ni mshika taulo. Babu mzima. Fumie hutia kiwiko majini, hufikiri, kisha hutamka kwamba yanafaa, kama hakimu. Mtoto humchekea. Mimi huniangalia kama fundi bomba. Lazima nipate zamu.

Jumanne, 10 Februari
Nimeipata. Nilimwambia Fumie simu yake inaita chumbani. Haikuwa ikiita. Alisita, akaniambia nisimwache mtoto hata kidogo. Nikamjibu kwamba na mimi nimelea.
Maji yalimfika Rintaro kitovuni tu. Akamlilia chura wake wa mpira. Chura alikuwa mlangoni. Nikageuka kumchukua. Niliporudisha macho, mtoto hakuwa ameketi tena. Alikuwa chini ya maji, macho wazi, kimya.
Fumie alinipita kama upepo, akamnyakua. Mtoto akakohoa, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Fumie akamfunga taulo, akaniambia taratibu, "Babu, mtoto akizama hapigi kelele."
Mizuho aliporudi alielezwa yote. Supu yangu ilipoa mbele yangu.

Jumatano, 11 Februari
Nimepigwa marufuku. Mtoto akiwa bafuni, mimi nisivuke kizingiti. Sikubisha.
Nikafikiri. Maji ya hodhi huwa tunayaacha usiku kwa ajili ya kufulia, na Rintaro ameanza kusukuma milango. Nikafunga komeo jipya juu kabisa ya mlango wa bafu, upande wa nje. Mizuho akasema, "Leo umetumia akili, Baba." Nikavimba kichwa.
Jioni nikaingia kuoga. Fumie akapita, akaona mlango haujakomewa, akaukomea. Nikagonga. Televisheni ilikuwa ikinguruma. Maji yakapoa, nami nikapoa nayo. Aliponifungua alisema komeo ni imara, hongera.

Alhamisi, 12 Februari
Mizuho amelegeza masharti. Nitamwogesha mtoto leo, ila Fumie awe ubavuni mwangu wakati wote. Nikaitikia kwa unyenyekevu.
Lakini watu wazima wawili kwa kitoto kimoja ni kupoteza nguvu kazi. Nikaificha sabuni, nikamwomba Fumie akimbilie dukani. Akasema, "Hakuna shida, Babu," akavaa koti. Nikasikia mlango ukifungwa. Nikajaza hodhi, nikakunja mikono ya shati, nikamwita Rintaro.
Nikamwita tena.
Amekwenda naye dukani.
Hila yenyewe haikuwa na kasoro. Kesho nitaficha buti za mtoto.